Kikao cha Banda la Kondoo

Mme Malisebo, yaani Mama Malisebo, alianza kukoroga pombe ya mtama akiwa bado anapanda juu ya kigoda ili aufikie mdomo wa pipa. Mama yake alikuwa mpishi wa pombe, bibi yake vilevile, na hapo kijijini Ha Lephatsoe, upande wa Mafeteng, Lesotho, hakuna aliyeshangaa siku yeye naye aliposimika mlingoti mbele ya nyumba. Pombe ikiiva, alipandisha kitambaa cheupe. Wanaume walikiona kutoka kule bondeni wanakolima, wakajua leo kwa Malisebo kuna kitu. Ikiisha, alikishusha. Maisha yake yote yalikwenda hivyo, kitambaa juu, kitambaa chini.

Sasa, mpishi wa pombe hawezi kukwepa kuionja. Anaonja uji wa kwanza kujua kama umechachuka, anaonja tena akishatia kimea cha pili, anaonja wakati wa kuchuja. Na watu wakishakaa, ni yeye anayekunywa kata ya kwanza mbele ya macho yao, ndipo awapitishie. Basotho ndivyo tulivyo. Hakuna mwenye akili timamu atakayeinywa pombe ambayo aliyeipika hajaitangulia. Kwa hiyo usimuulize Malisebo ulevi wake ulianza lini, kwa sababu yeye mwenyewe hajui. Kuonja kulirefuka, basi. Mume wake aliporudishwa kutoka migodini ndani ya sanduku, kuonja kukarefuka zaidi, na watu wakasema mwacheni, ana majonzi. Walisema hivyo mwaka wa kwanza na wa pili. Baadaye waliacha kusema, wakaendelea kuja kunywa.

Aliyekataa kumwacha ni binti yake. Lisebo anashona suruali katika kiwanda kimoja Maseru, na kiwandani hawampokei mtu na mtoto mgongoni, kwa hiyo Nthatisi, binti yake mdogo, alilelewa na bibi. Ilikuwa siku ya kuchemsha. Malisebo alikuwa ameonja kupita kiasi, akaegemea ukuta upande unaopigwa na jua, akafumba macho. Mtoto akakisogelea kile chungu cha chuma cha miguu mitatu ili achungulie. Uji ulimuunguza mkono kuanzia kiwiko hadi vidoleni. Aliyesikia kilio ni jirani wa ng'ambo ya korongo. Bibi mwenyewe alikuwa hatua chache kutoka hapo, amelala, mdomo wazi.

Lisebo alipokuja hakufoka, na afadhali angefoka. Alikusanya nguo za mtoto akazifunga ndani ya blanketi dogo, kisha akakaa mbele ya mama yake.

"Mama, nakupa kazi moja tu."

"Kazi gani tena?"

"Kuna vikao vya watu wanaoacha pombe. Mume wa mwenzangu kiwandani alipona huko, siku hizi hata bia haitazami. Katafute. Ukiona hiki hakikufai, nenda kingine. Ukipata kinachokufaa, ukatulia, Nthatisi atarudi kwako. Usipotulia, atakua bila kukujua."

"Unaniongelesha kama mtoto wako."

"Mtoto wangu ameungua mkono, Mama. Wewe nakuongelesha kama mtu mzima."

Alimbeba mtoto akaondoka. Malisebo alikaa pale pale mpaka kuku walipoingia ndani kumuuliza habari za chakula chao. Na alikunywa siku hiyo, tusidanganyane. Alikunywa na kesho yake. Keshokutwa akaoga, akavaa blanketi lake la heshima, lile la kwendea harusini, akashika njia ya mjini kutafuta kikao.

Cha kwanza kilikuwa katika ukumbi ulioko nyuma ya kanisa, Mafeteng. Viti vimepangwa duara, chai ipo, biskuti zipo, na waliokaa hapo ni watu wa viatu vilivyopigwa rangi. Kulikuwa na mwalimu mkuu mstaafu, karani wa mahakama, na mama mmoja mwenye duka la dawa, ambaye alilia akieleza jinsi alivyokuwa akificha chupa za divai ndani ya kapu la nguo chafu. Malisebo alimhurumia, kisha akabaki kumshangaa. Kumbe wenzake hawa pombe ilikuwa lazima itafutiwe pa kufichwa. Kwake yeye ilikuwa ndani ya pipa, katikati ya nyumba, na wageni walivua kofia kuisalimu.

Zamu yake ikafika.

"Naitwa Malisebo. Ninapika."

"Unapika nini, Mme?" akauliza mwalimu kwa upole.

"Pombe."

Vikombe vilitua kwenye visahani, kimoja baada ya kingine. Mwalimu akasafisha koo. "Tunashukuru kwa ukweli wako, Mme. Sisi hapa tunashauriana mtu ajiepushe na mahali penye pombe."

"Mahali penye pombe ni kwangu, Ntate. Ndipo ninapolala."

Mwenye duka la dawa alimshika mkono wakati wa kuagana, akamwambia asikose wiki inayofuata. Malisebo hakukosa. Alikuta ukumbi umefungwa kwa kufuli, na mlinzi akamwambia wale wazee wamehamia nyumbani kwa mmoja wao, ila yeye mlinzi hakuambiwa ni kwa nani. Pengine walisahau tu kumwachia neno. Watu wa aina hiyo husahau kwa adabu sana.

Cha pili kilikuwa cha maombi, kando ya mto, kwa nabii mmoja mwenye kanzu ya kijani na ndoo za maji ya chumvi. Walevi walipigishwa magoti mstari mmoja, wakanyweshwa chumvi ya uvuguvugu mpaka matumbo yakageuka. Malisebo alitapika hadi akaona nyota mchana. Nabii akampiga mgongoni akatangaza, "Kimetoka."

"Nini kimetoka, Baba?"

"Kile kinachokunywa."

Alirudi nyumbani mwepesi, anatembea kama msichana. Lakini chumvi ni chumvi. Kufika mlangoni koo lilikuwa limekauka halimezi hata mate, na kilichokuwa karibu kuliko ndoo ya maji ni pipa. Kile kinachokunywa kilikuwa kimetangulia kufika nyumbani, kinamsubiri.

Baada ya hapo alikata tamaa kwa muda, akaendelea kupandisha kitambaa na kukishusha. Lisebo alipopiga simu kuuliza, alimjibu kwamba bado anatafuta, na sauti yake yenyewe ilitosha kumsema. Mtoto hakupewa simu aongee naye.

Habari za kikao cha tatu alizipata kwa njia ya ajabu kidogo: wateja walianza kupungua. Ntate Sekhobe, aliyekuwa nyapara mgodini, mtu wa kunywa kwa heshima na kulipuka bila heshima, hakuonekana tena. Mokitimi, mnyoaji kondoo, ambaye maneno yake yalikuwa yakiuza pombe kuliko pombe yenyewe, akapotea naye. Wakafuata wengine watatu, wanne. Malisebo akadhani kuna mpishi mpya kijijini. Akaulizia. Akaambiwa hapana, Mme, wanakutana kila Jumapili alasiri kwenye banda la kunyolea kondoo. Wanaacha pombe.

Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha kicheko kikamtoka chote, akabaki anawaza. Wale watu hawana visahani, hawana kanzu. Wanaongea lugha yake, wanajua pombe inaitwaje ikiwa pipani na inaitwaje ikiwa tumboni. Kama kuna kikao cha kumfaa chini ya jua, ni hicho, na kiko umbali wa kutupa jiwe.

Jumapili hiyo alikwenda. Banda lilikuwa linanuka mafuta ya sufu, mlango wake wa bati hauna bawaba ya chini, na wanaume walikuwa wamekalia magunia yaliyojazwa manyoya. Alipoingia wote waligeuza vichwa. Mmoja alisimama, halafu akaona aibu ya kusimama, akakaa.

Mokitimi ndiye aliyepata ulimi kwanza. "Mme Malisebo, sisi tumekukimbia, na wewe unatufuata. Pombe imeiva, au imetukumbuka tu?"

"Sikuja kuuza. Nimekuja kukaa."

"Kukaa nasi?"

"Hamuoni nami ni mlevi?"

Wakatazamana. Kuona walikuwa wameona, miaka yote. Ila haikuwapitia akilini kwamba mwenye pipa naye anaweza kuhesabiwa.

Sekhobe aliinuka. Alikuwa na kitambaa cheusi kimebandikwa kwenye mkono wa koti, kwa ajili ya mkewe aliyefariki majira ya baridi yaliyopita. "Mme," alisema, "hapa kwetu kuna sheria moja. Mtu anataja jina lake, anasema alichopoteza. Mimi Jumapili zote nasema neno lilelile. Mke wangu aliniita alipobanwa na kifua. Alinitumia mtu, akatuma wa pili. Nilikuwa nimekaa nyumbani kwako, kwenye lile benchi la dirishani. Nikasema namalizia kata hii nakuja."

"Najua, Ntate. Mimi ndiye niliyekumiminia."

"Basi niambie, nitalisemaje neno hilo wewe ukiwa umekaa hapo, na bendera yako inapepea?"

Hakulisema kwa hasira. Kama angekuwa na hasira Malisebo angemjibu, kwani kwa majibu hakuwa maskini. Alijifunga blanketi lake akatoka. Nyuma yake alimsikia Mokitimi akisema, kwa sauti isiyo ya utani, "Aishushe basi, ndipo aje. Sisi nasi tulipewa nini zaidi ya nafasi ya kuacha?"

Jumapili iliyofuata wanaume wa bandani walisikia kitu kinaburuzwa nje. Mlango wa bati ukasukumwa, na ncha ya mti ikatangulia kuingia, kisha mti wenyewe, na mwishoni Malisebo anahema. Alikuwa ameung'oa mlingoti mzima. Kitambaa cheupe kilikuwa bado kimefungwa kileleni, kimechafuka vumbi la njiani.

"Mme," alisema Mokitimi, "tulisema ushushe bendera. Hatukusema utuletee na nguzo."

"Nikiiacha kule nitaipandisha tena. Najijua."

Walicheka, na hata Sekhobe alicheka, na kicheko hicho kilimwingia Malisebo kuliko maombi yote ya mtoni. Wakautumia ule mlingoti kuushikiza mlango usiokuwa na bawaba ya chini. Akaonyeshwa gunia la kukalia.

Ilipofika zamu yake akasema anaitwa Malisebo, na amempoteza mjukuu wake. Akasema na habari ya mkono. Hakuna aliyemwambia ajiepushe na chochote. Mzee mmoja alisema tu, "Eee, mama," akavuta pumzi, wakaenda kwa anayefuata.

Nisiwapambie. Kutulia kwake hakukuwa kuzuri kutazama. Alitetemeka, alikojoa kitandani, aliota panya. Alijaribu kuuza maandazi, na waliokuwa wakimiminika kwa pombe hawakumiminika kwa maandazi. Mengi aliyala mwenyewe yakiwa yamelala. Watu wengine kijijini walimchukia kwa kuwanyima mahali pa kukaa, wakaanza kusema anajifanya mtakatifu. Lakini Jumapili ikifika alikwenda bandani. Tangu mavuno mpaka mabonde yakaanza kuamka meupe kwa baridi, hakuweka pombe mdomoni. Mokitimi, aliyekuwa akimtania kila alipomwona, siku moja alimwambia bila utani wowote kwamba sasa macho yake yanaonekana.

Akampigia simu Lisebo. Safari hii sauti yake ilikuwa safi.

"Mama, ni kweli?"

"Kaulize kijiji kizima."

"Ntate Sekhobe anavua msiba mwezi ujao, si ndiyo? Nitakuja. Marehemu ndiye aliyenifundisha kushona, siwezi kukosa. Nitakuja na Nthatisi. Nikikukuta umetulia, nitamwacha."

Malisebo akafua blanketi la mtoto ambalo halikuwa chafu. Akalifua tena.

Siku chache baadaye Sekhobe alikuja nyumbani kwake. Hakuja Jumapili, wala hakukaa kwenye lile benchi la dirishani; alisimama akizungusha kofia mikononi.

"Mme, wakwe zangu wametuma neno. Wanasema msiba wa dada yao hauwezi kuvuliwa kwa soda. Wanataka pombe ya mtama, na wanataka ya mkono wako, maana ndiyo aliyoipenda. Sina namna. Tayari wana kinyongo nami kwa jinsi alivyokufa."

"Na kikao?"

"Kikao kinajua. Mokitimi anasema utapika bila kuonja. Eti mtu aliyepika tangu utotoni, mkono unajua wenyewe."

"Na kata ya kwanza, nani ataitangulia?"

Sekhobe aliitazama kofia yake. "Hilo tutaona," alisema.

Hapo ndipo kosa lilipokaa, na halikuwa kosa la ujinga. Watu wa bandani wote walizaliwa na desturi hiyo na watazikwa nayo. Waliijua, Malisebo aliijua, ila kila mmoja alitumaini mwenzake ana mpango. Angeweza kukataa. Lakini ilikuwa mara ya kwanza kikao kumwomba yeye kitu, na aliyeomba ni yule aliyewahi kumzuia mlangoni. Na tuseme ukweli wote: mikono yake ilikuwa imeikumbuka kazi. Maandazi hayakuwahi kumfanya mtu.

Alipika. Alijifunga kitambaa puani na mdomoni kama mganga wa kipindupindu, akakoroga, akatia kimea, akafunika pipa kwa mablanketi ili lipate joto. Mokitimi alipita kila asubuhi, anachungulia mlangoni. "Mme, bado unatuona, au umeanza kutuona wawiliwawili?" Alimfukuza kwa mwiko. Alisikiliza povu kwa sikio, alipima uzito wa tone kwa kidole na kukifuta kwenye aproni. Hakuonja. Pombe ilitoka nzuri kuliko aliyowahi kupika, na alijua hivyo kwa harufu tu, na kujua huko kulimuuma.

Siku yenyewe ikawa na jua kali lisilo na joto. Ng'ombe alichinjwa, Sekhobe akanyolewa, akavuliwa kile kitambaa cheusi, akavishwa blanketi jipya. Mkono wa koti lake la zamani ulibaki na alama mahali kitambaa kilipokuwa. Wakwe walikaa kwa safu chini ya ukuta wa zizi, na mkubwa wao, Ntate Ramatla, mtu mwenye ndevu nyeupe na jicho moja linalotazama sana, akaamuru pipa liletwe.

Likaletwa. Kata ikazamishwa, ikatolewa inachuruzika.

"Mpishi atangulie," akasema Ramatla.

Sekhobe akasogea. "Mkwe wangu, leo nitaitangulia mimi, mwenye nyumba."

"Wewe umeipika?"

"Hapana, lakini…"

"Basi mpishi atangulie. Tangu lini tunafundishana haya?"

Malisebo alisimama kando ya pipa. Akasema kwa adabu kwamba siku hizi yeye hanywi, wazee wamsamehe, pombe ni salama, wanamjua. Wengine wakacheka wakidhani ni mzaha. Ramatla hakucheka.

"Dada yetu amekufa katika nyumba hii," alisema polepole, "na sisi hatukuuliza maswali. Tulizika tukaondoka. Leo mnatuita, mnatuletea pombe, na aliyeipika haitaki iguse mdomo wake. Ntate Sekhobe, kuna nini humu ndani?"

Malisebo akamtafuta Mokitimi kwa macho. Alikuwa anatazama viatu vyake. Akawatazama wale wengine wa bandani, mmoja mmoja. Wote walikuwa na shughuli na viatu. Sekhobe uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Dokezo la sumu, katika kijiji kama Ha Lephatsoe, haliondoki likishaingia. Angeitwa muuaji wa mkewe mpaka mwisho wa maisha yake.

Wakati huo Malisebo aliinua macho akamwona Lisebo. Alikuwa amefika, amesimama langoni penye mawe, Nthatisi mgongoni ndani ya blanketi. Mtoto alikuwa amekua. Lisebo alikuwa amekwishasikia yote, na si mgeni, anaijua desturi ya kwao. Alimtazama mama yake, akaitikia kidogo kwa kichwa, kuonyesha kwamba ameelewa. Funda moja, alikuwa anasema kwa macho. Kunywa funda moja, wape, tuondoke.

Malisebo akapokea kata. Akaipeleka mdomoni, akanywa funda moja, na wakwe wakaguna kwa kuridhika.

Hapo ndipo pa kuishusha.

Alijua kwamba hapo ndipo pa kuishusha. Hakupitiwa, hakusahau, hakudanganywa na mtu. Alimwona binti yake mbele yake waziwazi, akimsubiri. Alimsikia Nthatisi akiita, "Bibi," na kuutoa mkono nje ya blanketi, ule mkono wenye ngozi iliyokunjamana, akimpungia. Alisikia, na koo lake likafunguka lenyewe, na ile pombe aliyoipika bila kuionja ilikuwa tamu kuliko alivyokumbuka. Akaiinua kata juu zaidi. Akanywa mpaka ikabaki makapi, akailamba pembeni, kisha akaizamisha tena ndani ya pipa, kwa mkono wake mwenyewe, bila mtu kumwambia.

Alipoinua uso mara ya pili, Lisebo alikuwa amegeuka. Hakukimbia. Alikuwa anaurudisha mkono wa mtoto ndani ya blanketi na kulikaza fundo, kama mtu anayejiandaa kwa njia ndefu, halafu akashuka kuelekea barabarani.

Yaliyobaki ya siku hiyo si ya kusimulia sana. Mokitimi alikunywa, akisema ni ya heshima tu, na jioni alikuwa anawachekesha wakwe mpaka wanafuta machozi. Wale wengine walikunywa. Sekhobe alikataa, akakataa, kisha Ramatla akamkumbatia akimwita ndugu, akampa kata, na huwezi kuikataa kata ya mtu aliyetoka kukusamehe. Walimsifu sana mpishi.

Simu ya Lisebo haikupokelewa wiki nzima. Halafu ikawa haiiti kabisa.

Jumapili alasiri Malisebo alijiangalia, kichwa kinamuuma, mdomo una ladha ya bati, akavaa blanketi. Hakuwa na tumaini lolote la kwenda nalo. Alikwenda kwa sababu nyumbani pipa lilikuwa limerudishwa na halikuwa tupu, na kwa sababu ule ukumbi wa mjini ulikuwa na kufuli na kule mtoni kulikuwa na chumvi, na hakuna kwingine alikojua.

Mlango wa banda ulikuwa umeshikizwa kwa mlingoti, kama kawaida. Ndani alikuwamo Sekhobe peke yake, amekaa kwenye gunia, blanketi jipya limepakwa matope upande mmoja. Alikuwa ananuka. Na Malisebo alikuwa ananuka. Kwa mara ya kwanza hakuna aliyekuwa na haki ya kumwambia mwenzake atoke.

Walingoja kidogo kuona kama Mokitimi atakuja. Hakuja. Kwa mbali, upande wa juu wa kijiji, mtu alikuwa amepandisha kitambaa cheupe kipya, na walisikia watu wakipita nje wakielekea huko, wakicheka.

"Tuanze," akasema Sekhobe.

"Naitwa Malisebo." Akavuta blanketi mabegani. "Ilikuwa funda moja, Ntate. Binti yangu alisimama pale, akanisubiri nimalize funda moja."

Sekhobe aliweka mikono katikati ya magoti. Kisha naye akataja jina lake.